Pwani ya India Mgongoni mwa Koti

Mwaka 2017 kazi yangu ilikuwa kushona vifungo na kukunja pindo za suruali katika duka la ushonaji la Fordsburg, Johannesburg. Nyumbani Tanzania nilikuwa mwalimu wa jiografia, na ualimu ni kama kikohozi, hauachwi mpakani. Mteja akiniuliza saa, mimi nilianza na jinsi dunia inavyolizunguka jua. Wenzangu walikuwa wakiwaonya watu mlangoni, "Huyo usimuulize kitu kama una haraka."

Mwenye duka alikuwa mama wa Kirundi. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: yeye anachora kwa chaki, mkataji anakata, sisi wengine tunashona. Mkataji alikuwa Mrundi mwenzake, mtu wa swala tano, mwenye mkono ambao sijauona tena popote. Alikuwa na sharti moja tu. Chaki ikishapita, yeye haulizi.

"Nikianza kuuliza," alisema, "mkono utaanza kujibu." Na katika muda wote niliokaa pale, mkasi wake haukuwahi kutoka nje ya mstari.

Basi wiki moja akaja kijana wa Bukavu, mlinzi wa jengo la ofisi kule Marshalltown. Alitaka suti. Jumamosi alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, msusi mmoja wa Rosettenville, binti wa Kitanzania aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg. Mama fundi akampima, akamsifu mabega, akamwambia asiwe na wasiwasi, suti itakuwa tayari.

"Mama, shida haiko suti," kijana akasema. "Shida iko makombora."

Sote tukaacha cherehani.

Akatueleza. Baba wa binti alikuwa baharia mstaafu. Zamani, katika Ghuba ya Aden, meli yao ya mizigo ilifukuzwa na maharamia, ikatokea manowari ya India, ikarusha helikopta, maharamia wakageuza mashua zao na kutokomea. Tangu siku ile mzee aliipenda India kuliko timu yoyote ya mpira. Sebuleni kwake, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi, ilikuwepo picha ya manowari. India ikijaribu kombora jipya, alipiga simu hadi Tanga kuwaarifu ndugu. Na kijana yeyote aliyekuja kumtaka binti yake aliulizwa maswali.

"Kabla yangu alikuja mwingine," kijana akasema. "Akaulizwa kombora ni nini. Akajibu ni fataki kubwa."

"Halafu?"

"Akapewa viatu vyake."

"Na binti mwenyewe anasemaje?"

"Anasema, eish, we mpenzi, hapo kwa Baba siwezi kukusaidia, soma tu."

Wote wakanigeukia. Nakiri nilikuwa nimeshasimama.

Nilimfundisha wiki nzima, wakati wa mapumziko yake ya mchana. Ngoja nikueleze na wewe, maana si jambo gumu. Makombora yako ya namna nyingi, lakini mawili yatakutosha. Kwanza kuna la balistiki. Hili linatupwa juu sana, injini inazima, kisha linashuka kwa uzito wake kama jiwe. Nilichukua kifungo nikakirusha. Kikapanda vizuri, kikapinda vizuri, kikatua ndani ya chai ya mkataji. Mkataji alikitazama kikizama, akaendelea kunywa.

La pili ni la kruzi. Hili lina injini inayofanya kazi njia nzima, nalo linaweza kuambaa chini, karibu na maji. India wanalo moja walilotengeneza pamoja na Warusi, limepewa jina la mito miwili, mmoja wa kwao na mmoja wa Urusi, na linakwenda kasi kuliko sauti.

"Sasa kwa nini lipite chini, Mwalimu? Juu si kuna nafasi?"

Swali zuri. Nikamwambia afikirie teksi inayopanda kilima cha Rosettenville. Ukiwa upande wa pili huioni, kwa sababu kilima kimeificha. Utaona paa kwanza, kisha dereva, kisha unakimbia. Bahari nayo ina kilima, ila kimelala, kwa kuwa dunia ni mviringo. Rada ya meli huona kwa mstari ulionyooka, kama jicho. Kombora linalopita chini huonekana likiwa limeshafika mlangoni.

"Sharp, Mwalimu. Na lile kombora njo lilifukuza maharamia ya mzee?"

Nilitaka kumkumbatia. Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Nikamweleza kwamba maharamia hawapigwi kwa kombora la namna hiyo. Ni kama kuua mende kwa jokofu. Maharamia hufukuzwa na meli yenyewe kuwepo pale, na helikopta, na wanajeshi wachache. Kombora lina kazi nyingine. Linaziambia manowari za mataifa mengine, "Kaeni mbali kidogo." Na kwa kuwa mafuta mengi ya Ghuba ya Uajemi hupita kwenye maji hayo kwenda Asia, anayeweza kusema kaeni mbali husikilizwa. Majirani nao hawakai bure, hutengeneza ya kwao, na hapo usalama wa mmoja unakuwa wasiwasi wa mwingine.

Kijana alitikisa kichwa kukubali kila neno. Mimi nimefundisha miaka mingi, najua vichwa vinavyotikisika hivyo. Nikaona tunahitaji ramani.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Mkataji alikuwa ameenda msikitini, mama fundi ametoka kutafuta vifungo. Kitambaa cha suti kilikuwa kimetandazwa juu ya meza, kijivu chenye ubuluu, rangi ya bahari kabisa. Mama alikuwa ameshachora mikono na vifua, na kipande cha mgongo kilikuwa bado kitupu, hakina mstari. Kijana akachukua chaki.

"Nichore uone kama nimeshika," akasema.

Akachora. Akaanzia begani upande wa kushoto, Gujarati, akateremka pwani ya magharibi hadi kiunoni kwenye ncha, akapanda pwani ya mashariki hadi bega la pili. Pembeni ya ncha akaweka Sri Lanka, kubwa kama andazi. Milima ya kaskazini hakuigusa. Ilikuwa pwani safi. Nilikuwa na wanafunzi wa kidato cha nne wasioweza hivyo. Nikampigia makofi. Chaki inapanguswa, hakuna hasara.

Ndipo simu yake ikalia, msimamizi wake anamtaka, akatoka mbio. Na mimi nje nikaitwa na muuza viungo aliyetaka nimweleze kwa nini Cape Town kulikuwa na ukame. Huwezi kumweleza mtu ukame kwa kifupi.

Niliporudi mkataji alikuwa amemaliza. Mikono, vifua, vyote vimepangwa. Na katikati ya meza India imening'inia kutoka mabegani kama ulimi, pwani zote mbili zimekatwa bila kutetemeka hata kidogo. Sri Lanka ilikuwa chini ya kikombe chake cha chai.

"Ndugu yangu," nikasema. "Hukushangaa?"

"Nilishangaa."

"Sasa?"

"Vijana wanavaa suruali zilizochanika magotini na wanalipia. Nikadhani mgongo nao umeanza."

Mama fundi alirudi, akaangalia meza, akakaa chini. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani kachora?" Sote tukaonyesha mlango, alikokimbilia bwana harusi mtarajiwa. Kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimekwisha Fordsburg nzima, tulizunguka tukaulizia. Jioni ile mama aliirudisha India mahali pake kwa mshono mwembamba sana, mzuri, lakini mshono ni mshono. Sri Lanka ilikuwa imelowa chai isiyotoka, akaiziba kwa kipande cha bitana nyekundu.

"Mwambie asigeuke," alisema akinikabidhi koti. "Watu wataangalia uso."

Nilikwenda naye mimi, kama mshenga wake, kwa kuwa ndugu zake walikuwa Bukavu. Kijana aliingia sebuleni kwa ubavu, akatambaa na ukuta kama kaa, akawapa wazee mkono bila kuuacha ukuta. Mama wa binti akaninong'oneza, "Ana mgongo?"

"Anao, mama," nikajibu. "Mzima kabisa."

Televisheni ilikuwa kwenye taarifa ya habari ya India. Mzee akamwomba aongeze sauti. Kijana akaenda kinyumenyume hadi kwenye televisheni, akapapasa vitufe kwa mkono uliokuwa nyuma, akahamisha chaneli hadi kwenye mapishi, akarudi. Mzee akachukua rimoti. Alizima kabisa, akakunja mikono.

"Kijana. Juzi wenzetu wamerusha kombora kutoka kwenye ndege, badala ya meli. Faida yake nini?"

Hilo sikuwa nimemfundisha. Nilijua jibu, lilinijaa kinywani. Lakini mshenga anaruhusiwa kuongea mahari, hajibu mtihani. Nilikohoa tu.

"Papa," kijana akasema. "Mimi sijui. Nilifundishwa, nikaelewa, lakini vyote vimetoka. Muniwie radhi."

Akageuka, akainama kuvichukua viatu vyake.

Nilifumba macho.

"Simama hapo hapo," mzee akasema. Nikasikia kiti kinasukumwa. "Usigeuke. Hii si Gujarati?"

"Ndiyo, Papa."

"Na huku Ghuba ya Bengal?"

"Ndiyo."

"Na Sri Lanka kwa nini nyekundu?"

"Ilimwagikiwa chai, Papa."

Nilipofumbua macho mzee alikuwa ameshika rimoti kama fimbo ya darasani. Alianza kueleza, na alikuwa mwalimu mzuri, nasema bila wivu mwingi. Alimwonyesha pwani ya Odisha, penye kisiwa wanakofanyia majaribio. Alimweleza kwamba ndege hulibeba kombora mbali, kwa hiyo bahari inayolindwa inapanuka bila meli kusogea. Kila alipomaliza aliuliza, "Umeona?" na kijana, ambaye yote hayo yalikuwa yakitendeka mgongoni mwake, akajibu, "Nimeona, Papa." Kisha akauliza swali. Swali la kweli, la mtu asiyejua na anayetaka kujua: nani anamzuia jirani asirushe na yeye? Mzee akavuta pumzi kama mtu aliyeletewa chakula anachokipenda.

Mahali fulani kwenye kina cha maji alikosea kidogo. Nikafungua kinywa nimsahihishe. Mama wa binti akanikanyaga mguu, kwa kisigino.

Wali ulipoa. Mchuzi ukashika utando. Binti alichungulia kutoka jikoni, akarudi, akachungulia tena. Mwisho mama yake akaweka sahani chini kwa kishindo.

"Baba watoto! Huyo ni mkwe, si ubao. Mwache ale."

Neno lile lilining'inia sebuleni. Mzee akalisikia, kijana akalisikia, na jikoni kitu cha bati kikaanguka. Mimi kama mshenga nilipaswa kulidaka pale pale, nishukuru rasmi, nitaje wazee na tarehe. Lakini mzee aliwahi.

"Mkwe atakula," akasema. "Kwanza anyanyue mkono. Bahari ya Arabu imeingia kwapani."

Kijana akainyanyua yote miwili, juu kabisa, na jikoni vigelegele vikaanza.