Kitambaa Mdomoni mwa Kisanduku

Kwenye kinu walimwita Vumbi, maana hata akitoka kuoga alibaki na unga kwenye nyusi. Alisaga mahindi tangu ujana wake, na alijiona anaujua unga kuliko yeyote. Kelele za mashine ziliyafanya masikio yake kuwa mazito, ila kwa umbea yalisikia vizuri sana.

Ilipoamriwa unga wote utiwe vitamini, juu ya mashine kilifungwa kisanduku kidogo kilichodondosha poda ya njano taratibu ndani ya unga. Vumbi aliambiwa poda hiyo huongeza damu na hulinda watoto wangali tumboni. Akaitikia kwa kichwa. Lakini foleni ya wateja ilikuwa na maelezo yake: poda ile inawafunga wanawake kizazi. Lisemwalo lipo, akajisemea, na hakutaka tena kusikia la mtu.

Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa miaka mingi bila kushika mimba. Mama mkwe wa binti hakuwa mtu wa kuuma maneno. "Mti usiozaa unabaki shambani kufanya nini?" alimuuliza mbele ya wageni, na binti akaendelea kuwamiminia chai. Unga wa nyumba ile ulitoka kinu kile kile. Basi Vumbi, ambaye hakuwahi kumwibia mwenye kinu hata punje, akachana fulana kuukuu, akakunja kipande, akakisokomeza kwenye mdomo wa kisanduku. Poda akaimwaga chooni. Mifuko ikaendelea kutoka na chapa yake ya vitamini, na mtaa mzima ukaendelea kusonga ugali.

Kisha binti akashika mimba. Nani angemwambia kitu Vumbi sasa? Alitembea kifua mbele, akimchekea kila mjamzito kwenye foleni utadhani mimba zote ni kazi yake. Mjinga akipatia mara moja, hashikiki.

Mtoto alizaliwa na mgongo wazi. Juu kidogo ya makalio ngozi haikufunga, pametokeza uvimbe mwekundu, na miguu haikusogea hata ilipofinywa.

Muuguzi aliwauliza wote kando ya kitanda, Vumbi, binti, mumewe na mama mkwe, kwa upole, "Nyumbani mnakula unga gani? Tatizo hili mara nyingi linazuilika mama akipata vitamini mapema, hata kabla ya mimba."

"Wa kinu anachofanyia kazi baba," binti akajibu. "Una vitamini. Baba mwenyewe ndiye anayezitia. Si ndiyo, baba?"

Vumbi alimtazama mjukuu wake. Neno moja lingetosha, na binti yake angeonekana amekosewa, si mkosaji. Lakini aliwaza polisi, akawaza na wale wajawazito wa kwenye foleni.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Natia kila siku."

Muuguzi akashusha pumzi. "Basi huenda ni jambo la kurithi. Wakati mwingine liko kwenye ukoo."

Mama mkwe hakuhitaji zaidi. "Umesikia?" alimwambia mwanawe, aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Ni damu yao." Akamgeukia Vumbi. "Mkwe, wakiruhusiwa kutoka, wapeleke kwako. Wote wawili."

Mama mkwe na mwanawe wakaondoka bila kumgusa mtoto. Binti akaushika mkono wa baba yake, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, baba. Nimekutia aibu."

Na Vumbi akamsamehe.