Mmea Usioliwa

Nyinyi vijana mnaonunua maua kando ya barabara pale mji wa Salama na kuyakaribisha ndani ya nyumba kama wageni, sikilizeni hii. Mimi sikusoma sana. Nilitoka shule nikijua kuandika jina langu na kusoma Biblia pole pole. Lakini jambo hili lilipita mikononi mwangu, na mpaka leo sijalielewa vizuri.

Ilikuwa miaka ya sabini, huku Mutomo. Kijana wetu alikuwa ameoa msichana kutoka upande wa mlima, kule mvua hainyeshi kwa kuombewa. Msichana alikuja na sanduku moja, na mkebe wa mafuta ya kupikia wenye mmea wa majani mapana, wa kutambaa. Haukuwa mboga, haukuwa dawa. Nikamuuliza, "Sasa huu unaliwa lini?" Akacheka kidogo. Halafu akaniambia mama yake alikufa, baba zake wadogo wakagawana shamba, na katika nyumba ile yote yeye alitoka na mmea huo tu.

Nikampokea mkebe.

Msichana alikuwa mwalimu, na alipoitwa kozi ya mwezi mmoja, aliuweka mkebe kwenye dirisha la chumba changu. "Mwaitu," akaniita, maana alikuwa ameshajifunza kuita mama kwa Kikamba, "umwagilie kidogo tu, na usiuweke kwa jua." Nikamwambia aende, mimi nimelea watoto saba.

Siku ya kwanza nilimwagilia, nikaona maji yanatoka chini na kulowesha sakafu. Nikainua mkebe. Matundu manne! Jamani, maji yetu tulikuwa tukiyachimba kwenye mchanga wa mto. Punda alitoka alfajiri akarudi jua likiwa kali. Kwetu chombo kinachovuja ni aibu ya mwenye nyumba. Nikadhani ni kutu, msichana ameona haya kusema. Mzee wangu alikuwa na mizinga ya nyuki, basi nikachukua nta, nikaipasha moto, nikaziba matundu yote. Nilijisifu sana.

Wiki ya pili jani moja likawa njano. Nikasema ni kiu, nikaongeza maji. Yakawa matatu. Nikaongeza tena. Kadiri nilivyounywesha ndivyo ulivyolegea, shingo chini, kama mtu aliyenyimwa maji. Unakunywa na bado una kiu? Ugonjwa gani huo?

Nikaanza kutafuta mwenye kosa. Ndani tulikuwa na paka, na mwana-mbuzi aliyefiwa na mama yake, tukimnyonyesha kwa chupa. Paka nilimkuta akifukua udongo wa mkebe kama anayetafuta choo. Nikamtoa kwa ufagio. Kesho yake nikakuta jani limetafunwa, na paka huyo huyo anatokwa na mate, anajipangusa mdomo kwa mguu. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Paka anaua mmea, au mmea unaua paka? Nikampa paka maziwa. Mmea nikaunyunyizia jivu, kama tunavyofanyia mahindi yakiingiwa na wadudu. Jioni paka akapona. Mmea ukazidi kulegea.

Mzee akasema ni chumvi ya maji yetu. Wifi yangu, dada ya mzee, akaja kuutazama akacheka mpaka akashika mlango.

"Huu unamlilia mwenyewe. Umeuombea kanisani?"

"Nenda kwako, wewe."

Lakini Jumapili hiyo nilifumba macho kanisani nikautaja, na sikumwambia mtu.

Siku moja kabla ya msichana kurudi, mwana-mbuzi alikata kamba, akarukia dirisha, mkebe ukaanguka. Yakamwagika maji meusi, yananuka kama matope yaliyooza. Nikashika mizizi, ikabaki mkononi, laini kama viazi vilivyochemka kupita kiasi. Mzizi mmoja tu ulikuwa mgumu, na kashina kake kana majani mawili. Nikakaa chini. Maji! Mmea kuzama Mutomo, mahali watu wanafunga wakiomba mvua! Au ni ile chumvi? Au jivu? Au paka? Nilikuwa nimefanya mambo mengi mno, sikujua lipi limeua.

Nikatoa nta kwa msumari, nikapanda kile kipande kwa udongo mkavu. Kama kingeshika au kingekufa, hakuna aliyeweza kuniambia.

"Sema mbuzi amekula," wifi akasema. "Mbuzi kazi yake ni kula. Msichana atamkasirikia mbuzi siku mbili, yaishe."

"Hata mbuzi mwenyewe amekubali," mzee akasema, maana mbuzi alikuwa amesimama hapo na jani la njano mdomoni.

Nilicheka, na nilikaribia kukubali. Uongo ule ulikuwa mwepesi. Lakini usiku kucha nikawaza: mtu ambaye jamaa zake walimchukulia shamba, halafu mimi nimharibie kilichobaki na kumpa uongo juu yake?

Kesho yake mchana tukamwona anapanda njia, mkoba begani, anatembea haraka. Wifi akaanza kufungua mdomo. Nikasimama mlangoni nikawaambia wote:

"Asitajwe mbuzi, asitajwe paka. Mzee, toa kiti. Nitamwambia mwenyewe kwamba ni mimi, na akilia, mtu yeyote asimwambie anyamaze."