Kiongozi wa Msafara Kando ya Mfereji

Kiongozi wa msafara wa baiskeli uliokuwa ukielekea baharini aliendesha polepole kama maji ya mfereji, akipiga mluzi, kidole gumba kikichezea kengele. "Bahari haihami, Mwalimu," alimtania mwalimu mstaafu aliyemfuata kila alipotaka kumpita. Mwishowe mwalimu alimpita, gurudumu likateleza, naye chubwi majini. Kabla hajawahi hata kupiga ukelele, mikono migumu ikamshika kwapani ikamsukuma hadi ukingoni. Alipogeuka kushukuru, aliona kiatu kikielea, na ndani yake mguu hadi gotini.

"Mungu wangu, nimekukata mguu!"

Kiongozi, angali majini, alitema maji. "Wa bandia huo, Mwalimu. Nidakie, unakwenda zake!"

Mwalimu aliudaka, akaukumbatia kifuani, meno yakigongana, akashindwa kabisa kuuachia.