Mayai ya Wifi

Mayai tisini yakilala ndani ya boksi, mwenye boksi halali. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya maisha ya mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, na aliifuata kwa miaka kumi na minne bila siku ya mapumziko. Boksi lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake. Mbao zilitoka kwenye kabati bovu, kwa ndani akalivika godoro jembamba na kuligawa tabaka la juu na droo ya chini, mbele akaweka kipande cha kioo cha kuchungulia, na chini kabisa akaacha nafasi ya taa ya mafuta. Lilikaa katika chumba ambacho kwa haki kilikuwa cha wageni. Wageni walilazwa sebuleni.

Kila yai alilitia alama za penseli, msalaba upande huu na duara upande ule, na mara tatu kwa siku aliyageuza yote moja moja, maana yai lisipogeuzwa kifaranga hugandamana na ganda. Utambi nao ulitaka macho. Ukipanda mno mayai yanapikwa, ukishuka yanapoa. Harusi ya binamu yake aliikosa. Mazishi ya shangazi yake alihudhuria nusu, akaondoka kabla watu hawajatawanyika, na ndugu wanamsema mpaka leo. Katika mayai tisini alitoa vifaranga sitini, akibahatika sitini na watano, na kwa hesabu hiyo alikuwa bingwa. Mpinzani hakuwa naye.

Mpinzani akaja kutokea, tena ndani ya ukoo. Dada wa mumewe, aliyekuwa karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro, alistaafu, akakichukua kiinua mgongo chake na kununua mashine ya kutotolea inayotumia umeme wa jua. Aliifunga nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Vifaranga. Juu ya bati paneli mbili, ndani betri moja yenye uzito wa gunia, na juu ya meza boksi jeupe linaloingia mayai mia na ishirini na kuyageuza lenyewe kila baada ya saa moja, bila kelele wala moshi.

Mama Vifaranga alikwenda kuitazama, kwa sababu asingekwenda watu wangesema ana kijicho. Alikwenda, akatazama, akarudi na kijicho.

Tangu siku hiyo hakunyamaza. Alimwambia mumewe, akawaambia wauza mayai, akamwambia hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Jua ni la bure, sawa, lakini kamba ya kulifungia inauzwa, na kamba yenyewe ni betri. Betri gani inaishi miaka kumi? Ikifa, ile bei yake ni mafuta ya taa ya miaka mingapi? Na mayai yanataka joto siku ishirini na moja mfululizo, usiku na mchana, wakati jua lenyewe linafanya kazi nusu siku, na siku nyingine haliji kazini kabisa. Bure ghali, alimalizia kila mara, kisha akajifuta mikono kwenye khanga kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo.

Ukweli usemwe, hesabu hizo hazikuwa za kijinga. Fundi aliyefunga mashine mwenyewe alikuwa amemshauri wifi anunue betri mbili, na wifi, pesa zikiwa zimemwishia, akanunua moja. Lakini Mama Vifaranga hakuwa akizipiga hesabu hizo kwa kupenda hesabu. Zilimsaidia kulifunika jambo lililomkaa rohoni, nalo lilikuwa dogo hata aliona haya kulitaja. Jumamosi moja wifi alipita mlangoni kwake amevaa gauni la satini, amejipaka manukato, anakwenda harusini mji wa pili na atarudi kesho. Mashine ilikuwa na mayai ya siku kumi na mbili. Mama Vifaranga alimuuliza mayai kamwachia nani.

"Yanajigeuza, wifi," alijibiwa, na gauni likapita.

Yanajigeuza. Aliingia chumbani, akainama kwenye boksi lake, akageuza mayai tisini kwa mkono, na machozi ya hasira yakamtoka. Alikuwa na wivu. Hakuutaka ule weupe wa mashine, wala paneli zile za bluu. Aliuonea wivu usingizi wa wifi, na lile gauni, na ile kesho ya kurudia.

Mayai yale mia na ishirini hayakuwa ya wifi mwenyewe, na hapo ndipo kijiba cha roho kilipozidi kuvimba. Yalikuwa ya Bwana Mabanda, mfugaji mwenye mabanda marefu ya kuku nyuma ya kiwanda cha matofali, mtu mpole wa maneno machache. Kwa miaka sita alikuwa akimletea Mama Vifaranga mayai ya kutotolesha kila mwezi, na ujira wa kazi hiyo ndio uliolipa kodi ya nyumba. Safari hii alimpa wifi kwanza. Alisema waziwazi, mbele yao wote wawili, kwamba anataka kazi kubwa zaidi, ya mwaka mzima, na ataipeleka kwa atakayemtolea vifaranga wengi. Mama Vifaranga alicheka na kumwambia ni haki yake. Usiku huo hakula.

Siku ya kumi na tano ya mayai yale, mawingu yalitanda. Hayakuwa mawingu ya kunyesha na kuondoka. Yalitulia juu ya mji siku nne nzima, mazito, na taa za barabarani zikawa zinawashwa saa tisa alasiri. Mama Vifaranga alikuwa akitoka uani kila mara kuangalia juu, mikono kiunoni, kama mtu aliyeagiza mzigo na sasa anaupokea. Mumewe alimwona akitabasamu peke yake, akamuuliza kuna nini. Akasema hakuna, hewa tu ni nzuri.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa, wifi aligonga mlango akiwa na beseni kichwani na lingine ubavuni, yote yamefunikwa blanketi. Hakujipaka manukato siku hiyo. Betri ilikuwa imeisha nguvu alfajiri, mashine imezima, na mayai yalikuwa yanapoa na siku mbili tu za kutotolewa zimebaki.

"Wifi, ulisema," alianza. "Ulisema na sikukusikia. Nisaidie, haya ni mayai ya watu."

Mama Vifaranga alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu, na ilipofika alishangaa kuona mikono yake inaanza kazi kabla roho haijamaliza kusherehekea. Alimtuma wifi jikoni akapashe blanketi na maji ya moto. Akafunga dirisha kwa nguo nyeusi, akachukua tochi, akaanza kupima yai moja moja, kwa maana ndani ya boksi lake hapakuwa na nafasi ya kulaza mayai viza. Yai hai la siku kumi na tisa, ukilimulika, ni giza tupu na nafasi ya hewa juu, na ukitulia unaona kitu kinagutuka hapo ukingoni. Alimulika la kwanza, likagutuka. La pili, likagutuka. Aliendelea, na kadiri alivyoendelea ndivyo alivyozidi kupoa yeye.

Viza yalikuwa kumi. Kumi tu. Mayai mia na kumi yalikuwa hai, na yalikuwa hai kabla hajayagusa. Katika maisha yake yote hajawahi kufika siku ya kumi na tisa akiwa na mayai hai kiasi hicho. Ile mashine, kabla haijazima, ilikuwa imeyalea kuliko alivyowahi kuyalea yeye, yeye aliyekosa harusi na kukimbia mazishi.

Wifi aliingia na blanketi, akauliza hali ikoje.

Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa zuri. Mama Vifaranga akalimeza. "Hali si nzuri, wifi," alisema, akiyafunika yale kumi kwa upande wa khanga. "Mengi yamezimia. Tumuombe Mungu, nitajitahidi."

Na alijitahidi kweli, hilo asinyimwe. Mayai yake mwenyewe aliyapandisha tabaka la juu, ya wifi akayapanga kwenye droo ya chini, yakigusana mabega. Alijua jambo ambalo kitabu cha mashine hakikulisema, kwamba mayai yanayokaribia kutotolewa yana joto lake yenyewe, na yakikaa pamoja yanapashana na kuyapasha yaliyo juu. Akapunguza utambi mpaka ukawa kama punje ya mchele. Siku mbili hakutoka chumbani humo ila kwa haja. Siku ya ishirini na moja, chumba cha wageni kilijaa milio, na vifaranga waliotoka walikuwa mia na wanne.

Wifi alipiga magoti akamshika miguu, Mama Vifaranga akamwinua. Habari ilitembea kuliko gari. Mayai yaliyouawa na jua yamefufuliwa na taa ya mafuta! Wifi ndiye aliyeisimulia, nyumba kwa nyumba, bila kuficha aibu yake.

Bwana Mabanda alikuja na makasha yake jioni. Aliwatazama vifaranga, akachukua mmoja, akampindua tumbo, akamrudisha. Wifi alimweleza kila kitu kama kilivyokuwa, au kama alivyodhani kilivyokuwa. Mzee yule akamgeukia Mama Vifaranga.

"Wewe ndiye mwenye kujua kazi hii," alisema. "Niambie kweli. Hawa ni wa jua au ni wa taa?"

Wifi alikuwa amesimama hapohapo, macho chini, tayari kushindwa. Mama Vifaranga aliliona lile gauni la satini likipita mlangoni.

"Wa taa, Bwana," alisema.

Alipewa kazi ya mwaka mzima. Mayai mia mbili na sabini kila mwezi. Alitengeneza maboksi mengine mawili, akanunua taa nyingine mbili, na sasa akawa anageuza mayai mia mbili na sabini mara tatu kwa siku, huku mumewe akilala sebuleni na wageni kwa ajili ya moshi. Mafuta aliyoyatumia kwa juma moja yalizidi ya mwezi mzima wa zamani. Mwezi wa kwanza ulipoisha, kati ya mia mbili na sabini walitoka mia na sabini na wanane. Ilikuwa kazi nzuri, kazi yake ya siku zote. Bwana Mabanda aliwahesabu, akauliza mbona safari hii wamepungua. Alimwambia ni hali ya hewa. Mzee akasema sawa, atamletea mengine akipata nafasi.

Zikapita wiki mbili bila mayai. Mama Vifaranga akapiga moyo konde. Alijua dawa, na dawa ilikuwa nyumba ya tatu. Alipanga maneno yake vizuri: wangenunua betri ya pili kwa kuchangia, mashine ilee siku kumi na nane, taa imalizie siku tatu, na ujira wagawane. Hangehitaji kukiri lolote. Aliyaacha mayai machache ya jirani aliyokuwa nayo ndani ya boksi moja, akaenda.

Wifi alikuwa uani anaanika nguo. Alifurahi kumwona kama mtu anavyofurahia mgeni wa heshima, akamtolea kiti kizuri. Mama Vifaranga alitupa jicho juu ya bati, na bati lilikuwa tupu. Matundu manne ya skrubu yalikuwa yamezibwa kwa lami.

"Nimeiuza, wifi," alisema mwenye nyumba. "Ungeniona mjinga kuing'ang'ania. Kama wewe umesema ni taa, mimi nani nibishe?"

Mama Vifaranga aliuliza nani kaichukua.

"Bwana Mabanda. Alikuja juzi na fundi na betri mbili. Kabla ya kulipa aliniuliza, siku ile wifi yako aliyapima mayai kabla ya kuyaingiza? Nikamwambia aliyapima yote, moja moja, kwa tochi. Akauliza, na mengi yalikuwa yamekufa? Nikamwambia ulisema mengi. Akasema yai likishakufa halifufuki, mama. Akacheka, akalipa." Wifi alibana shati kwenye kamba. "Sikumwelewa. Kwani alicheka nini, wifi?"

Angeweza kusema hajui. Uongo wa pili ni rahisi kuliko wa kwanza, na wifi angeuamini. Lakini mtu aliyeuliza alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale aliyokuja nayo na mabeseni, na Mama Vifaranga akaona hawezi tena.

"Yalikuwa hai," alisema. "Mia na kumi. Yalikuwa hai ulipoyaleta. Mashine yako ndiyo iliyoyalea."

"Ulijua?"

"Nilijua palepale."

"Sasa kwa nini?"

"Wivu, wifi. Ulikuwa unalala."

Wifi alibaki ameshika ncha ya shati lililolowa, maji yakimdondokea miguuni. Hakupiga kelele, na Mama Vifaranga alitamani apige.

"Nimezunguka mtaa mzima," alisema hatimaye, polepole, "nyumba kwa nyumba, nikikusifu. Sasa niende nikawaambie nini?"

Mama Vifaranga aliaga kwa sauti ambayo haikufika mbali, akarudi nyumbani kwake, kwa sababu saa ya kugeuza mayai ilikuwa imefika na hapakuwa na wa kumgeuzia.