Kiganja na Udongo Ulioanguka

Kama umewahi kuosha gari, ukaliona linang'aa ukadhani ni safi, basi hujakutana na Kiganja. Angekuambia uvae mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, uupitishe taratibu juu ya boneti, halafu angetazama uso wako unavyobadilika. Chini ya mng'ao ule kuna vipele: vumbi la breki, utomvu wa miti, masizi, vyote vimeng'ang'ania rangi na sabuni haiviwezi. Yeye mwenyewe hakuhitaji mfuko. Alipitisha vidole vitupu, akafumba macho, akasema, "Hili linalala chini ya mti, upande wa dereva," na mwenye gari akabaki mdomo wazi.

Dawa ya vipele hivyo ni udongo. Si huu wa shambani. Ni donge laini la dukani, linalofinyangwa kama unga uliokandwa, na kusuguliwa juu ya rangi iliyopuliziwa maji ya sabuni ili liteleze na kubeba uchafu. Upande mmoja ukichafuka unalikunja, unaanza upya. Kanuni yake kubwa ni moja: donge likianguka chini, linatupwa, hata kama limefunguliwa sasa hivi. Mchanga wa sakafuni ukishaingia mle ndani, huo si udongo tena, ni msasa. Kiganja aliisimamia kanuni hiyo kwa miaka kumi na tisa, na aliwahi kumfukuza mtu kazini kwa kuokota.

Glovu hakuvaa. Mdogo wake, mwenye karakana, alimnunulia boksi zima. Yeye akasema glovu zinaua mkono. Dawa ya kusafishia ringi za magurudumu, ile kali inayowasha macho, aliipaka kwa vidole vile vile vitupu, mwaka nenda mwaka rudi. Kulikuwa na mwanamke mmoja pale kazini, mwoshaji wa siku nyingi, aliyevuta glovu zake hadi kwenye viwiko tangu siku ya kwanza. Kiganja ndiye aliyembatiza jina la Mama Glovu, na hakuacha kumtania mbele ya wateja.

"Mama Glovu, na kuoga unaoga nazo?"

"Naoga nazo, fundi," mama alimjibu, akaendelea kusugua.

Basi vidole vikafa. Ganzi ilianzia nchani, ikapanda polepole kiungo kwa kiungo, na Kiganja akajidanganya kuwa ni baridi ya maji. Mkewe ndiye aliyegundua, siku aliyomkuta ameshika sufuria iliyotoka motoni huku akimsimulia habari za mpira bila wasiwasi. "Baba, mkono," alimwambia. Akautazama. Ngozi ilikuwa imeshavimba.

"Usimwambie mtu," Kiganja alisema, na hilo ndilo lililomuuma mkewe kuliko kidonda.

Lakini angesemaje? Hakuwa na cheti wala kiwanja. Mdogo wake alisoma kwa jasho la mikono hiyo, akafungua karakana kwa sifa za mikono hiyo, na kwenye kibao cha nje kulichorwa kiganja kikubwa cheupe. Hakuna gari lililotoka getini kabla yeye hajalipapasa na kusema neno lake moja: safi. Mtu akimwondolea neno hilo, anabaki mzee wa kubeba ndoo.

Akajifunza kufanya kazi kwa masikio. Udongo ukipita juu ya vipele hutoa mkwaruzo mdogo. Vipele vikiisha, unakaa kimya. Alizima redio ya karakana, akakataza porojo, na wenzake wakasema uzee umemtia kisirani. Miezi minane alikula mkate wake namna hiyo.

Siku iliyomuumbua lililetwa gari jeusi la daktari wa meno, mteja wa miaka mingi, mtu anayeona unywele kwenye rangi. Kompresa ya upepo ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo masikio nayo hayakuwa na kazi. Kiganja alikuwa kwenye boneti, Mama Glovu akifuta milango ya nyuma. Donge likamponyoka. Hakujua. Aliendelea kuzungusha mkono mtupu juu ya boneti, mzunguko mmoja, miwili, mitatu, hadi macho yake yalipoliona donge karibu na kiatu chake. Alipoinua uso, akakuta Mama Glovu anamtazama.

Aliliokota alitupe. Hapo hapo mdogo wake akamwita ofisini amsalimie mteja mpya. Akaliweka kwenye kigari cha vifaa, kando ya donge lingine jipya, akaenda. Aliporudi alichukua moja. Yote mawili yalikuwa ya kijivu, na mkono wenye uhai ungejua papo hapo lipi lina mchanga. Yeye alisugua boneti nzima.

Walipoifuta na kulitoa gari juani, boneti ilikuwa imechorwa mistari mirefu, kama paka kaiparura kwa kucha. Daktari alikuja, akaitazama, akaomba kiti akaketi. Kuketi kule kuliwatisha kuliko matusi.

Mdogo mtu alitoka ofisini, akamgeukia Mama Glovu moja kwa moja. "Kigari cha vifaa kilikuwa kwako?"

"Kilikuwa katikati yetu, bosi."

"Na boneti nani aliishika kaka alipokuja kwangu?"

Mama aligeuka. Alimtazama Kiganja, akampa nafasi. Kila mtu alikuwa akimtazama Kiganja.

"Mimi nilikuwa nimekuja kwako," Kiganja alisema.

Ilikuwa kweli, tena huo ndio ubaya wake. Uongo mtupu angeweza baadaye kuukana. Maneno haya alijua atakaa nayo. Mama Glovu akaambiwa achukue vitu vyake.

Hakulia wala hakubisha. Alikunja aproni, akaja hadi pale Kiganja alipojibanza nyuma ya tangi la maji. "Nipe mikono, fundi. Fumba macho, kama unavyowafanyia wateja."

Akafumba. Mama akamwekea donge katika kila kiganja.

"Lipi lina mchanga?"

Kiganja alifinya, akafinya tena, jasho likimtoka. Akainua mkono wa kulia. Alipofumbua macho, madonge yote mawili yalikuwa yamejaa mchanga hadi unaonekana.

"Nilijua tangu ulipozima redio," mama alisema. "Nikawa napitisha udongo mara ya pili ukishageuka. Milango mingapi nimekurudilia, hujui. Leo tu kompresa imenizidi, sikusikia mchanga ukikwaruza." Akavua glovu, akaziweka juu ya tangi, akaenda zake.

Kuna aibu inayomfanya mtu ajifiche, na kuna inayomsukuma. Hii ilimsukuma Kiganja hadi ofisini, akafunga mlango. "Boneti ni mimi. Vidole vyangu vimekufa. Mrudishe mama wa watu."

Mdogo wake hakuinua hata kichwa. "Najua, kaka. Tangu zamani. Ulipapasa mlango wa gari langu wenye gundi ya stika, ukaniambia safi."

"Sasa kwa nini umemfukuza yeye?"

"Kwa sababu kibao kina mkono wako. Waoshaji wapo tele." Alisema bila ukali, kama mtu anayempangia mwenzake zamu. "Boneti itapakwa rangi upya. Jumatano daktari anakuja kuchukua gari lake. Utalipapasa mbele yake. Na ukumbuke kufumba macho, kaka, wanapenda."

Kiganja angeweza kuondoka. Aliliwaza hilo siku tatu, kitandani na njiani, akamweleza na mkewe, na mkewe akasema neno moja tu, kwamba yeye angempenda hata akibeba ndoo. Jumatano asubuhi alikuwa kazini kabla geti halijafunguliwa.

Daktari alisimama pembeni, mikono nyuma. Mdogo mtu alisimama akitabasamu. Kiganja alifumba macho, akaupeleka mkono juu ya boneti mpya, taratibu, kutoka taa hadi taa, akitega sikio kwa mazoea ingawa hapakuwa na cha kusikiliza.

"Safi," alisema.

"Mkono huu ungekatiwa bima," daktari alisema, na kila mtu akacheka.

Kiganja alifumbua macho. Vidole vyake vilikuwa hewani, upana wa sarafu juu ya rangi, na havikuwa vimeigusa kabisa. Akatazama kama kuna aliyeona. Daktari alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni.