Matabishi ya Mama Katungu

Kuna Jumapili moja ninayoikumbuka nzima, mwanangu, bila kupunguza hata dakika, na unajua mimi hupunguza kila kitu. Nakusimulia kwa sababu juzi umenitumia picha za sahani tatu kutoka resto tatu za hapa Goma, ukaniuliza: "Papa, nimpeleke wapi?" Hukusema unampeleka nani. Lakini kila sahani ilikuwa na uma mbili pembeni. Nimehesabu.

Wakati huo nilikuwa kijana, nauza vitenge kwenye soko la Birere. Neno la kwanza ililonifundisha Birere lilikuwa matabishi. Ukinunua viazi, muuzaji anakuongezea kimoja juu. Hayo ndiyo matabishi. Ukinunua makala, anakutupia vipande viwili zaidi. Mimi niliyadai kila mahali. Niliwahi kumdai hata kinyozi, akaninyoa na nyusi moja. Nikamshukuru, kisha nikajitazama kwenye kioo.

Basi kulikuwa na msichana, Kahindo, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, aliyekaa hapa kwa shangazi yake. Nilikuwa nimekwisha kumwambia yaliyo moyoni. Akanijibu: "Jumapili tukitoka misa, unipeleke mahali tule. Jibu nitakupa mezani." Baba yangu kule Masisi alikuwa ameshachagua mbuzi wa kupeleka kwao. Baba, mbuzi na mimi, wote tulikuwa tunangoja neno moja la Kahindo.

Tukazunguka. Nilisimama kwenye kila mlango nikichungulia sahani za watu kabla ya kuingia. Resto ya kwanza, vipande vitatu vya nyama. Ya pili, vitatu pia, ila vimesimamishwa ili vionekane vinne. Kahindo alikuwa amevaa viatu vya kisigino, na hayo mawe yetu meusi ya volkano unayajua, hayamheshimu mtu. Kwenye resto ya tatu aliingia, akaketi bila kuniuliza. Mpaka leo anasema aliichagua mwenyewe. Mimi nasema ilichaguliwa na miguu yake.

Ilikuwa resto ya Mama Katungu, nyumba ya mbao, meza nne. Yeye pia mutu wa Butembo, mnene, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Tukaagiza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, za kukaanga, pamoja na makemba, zile ndizi za kupika. Sahani ikaletwa, moja kwa watu wawili, na ndimu pembeni. Kahindo akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho. Alipofumba, mimi nikahesabu.

Kumbe Mama Katungu hakuwa ameondoka.

"Papa, uko nahesabu?"

"Niko nahesabu, mama. Ni makumi ine na moja."

"Hesabu tena. Pengine zimezaa."

Nikahesabu tena, kwa kidole. "Makumi ine."

"Na ile moja?"

"Nimeionja."

Kahindo akafumbua macho. "Amina," akasema, lakini hakuwa akisema na mimi.

Mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini nilipoingia nilikuwa nimepita karibu na meza ya jirani, na macho yangu hayapiti bure. "Mama," nikasema, "bale wazee pale wako na makumi ine na sita. Tia matabishi."

Wale wazee wawili wakafunika sahani yao kwa mikono. "Huyu mutoto anatoka wapi?" mmoja akalalamika. "Hata yetu amehesabu!"

Mama Katungu akanitazama kwa utulivu. "Matabishi unataka?"

"Nataka, mama."

"Sawa. Inakuja."

Nikamkonyeza Kahindo kama mtu aliyeshinda. Mama akaenda nyuma, akarudi amebeba kiti cha plastiki. Akakitia katikati yetu, akajipangusa mikono kwenye kitenge chake, akaketi.

"Matabishi ni mimi," akasema.

Kisha akamgeukia Kahindo, wakaanza kuongea Kinande, lugha ya kwao Butembo. Mwanangu, mimi Muhunde, lugha yao ilinipita kwa kasi ya pikipiki. Nilijua kupatana bei kwa Kiswahili, kwa Kihunde, hata kwa Kifaransa kidogo. Kwa Kinande sikuwa na hata salamu. Nikabaki kuhesabu nilichoweza. Jina langu lilitajwa mara mbili. Walicheka mara saba. Na kila walipocheka, walichukua sambaza, na hakuna aliyeniambia karibu. Nikamwona yule mbuzi wa Masisi anarudishwa malishoni.

Ghafla mama akarudi kwenye Kiswahili. "Weye, simama. Enda kwa ile meza. Usihesabu. Angalia tu."

Nikaenda. Wazee wakafunika tena. "Mumuonyeshe," mama akawaambia, wakafunua. Sambaza zao zilikuwa nyembamba kama njiti za kiberiti. Nikarudi kwenye yetu: kila moja nene kama kidole changu.

"Nilikuona ukiingia," Mama Katungu akasema. "Jasho inakulowesha, musichana anachechemea. Nikasema, huyu leo anaomba kitu kikubwa. Nikakuchagulia za kubwa, moja moja. Matabishi yako nilitia mbele ya weye kukaa."

Nilikuwa nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili sikuona kitu.

"Nisamehe, mama," nikasema. Nikamgeukia Kahindo. "Na weye pia."

Kahindo alikamua ndimu taratibu, kana kwamba nina mwaka mzima wa kungoja. "Nakubali," akasema. "Lakini kwenye sahani yangu, hakuna kuhesabu."

Nikafungua mdomo kuuliza kama na vikombe vimo katika marufuku hiyo. "Papa," Mama Katungu akaniwahi, "hapo hakuna kupunguza." Nikaufunga.

Tulioana. Uzazi wetu wa kwanza ulikuwa mapacha. Nikaingia chumbani, nikatazama mmoja, nikatazama wa pili, nikavuta pumzi niseme neno. Kahindo, na uchovu wake wote, akainua kidole: "Usithubutu."

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Sokoni dai matabishi mpaka wakukimbie, mimi nitakusifu. Lakini kwa mtu aliyekupikia, na kwa mtu aliyekubali kuketi nawe, tazama kwanza alichokuongezea kabla hujaomba. Mara nyingi kipo, ila hakihesabiki kwa kidole. Na huyo msichana umpeleke resto iliyo karibu na miguu yake.

Mungu awape sahani iliyojaa na mtu wa kucheka naye mezani. Nakubariki mara moja. Nakubariki na mara ya pili. Hiyo ya pili hukuiomba, ni matabishi.