Ziara ya Nane ya Randall Stuckey

Kule Ocala, Florida, mtu akiumwa jino alikwenda kwa daktari, akitaka talaka alikwenda kwa wakili, na akitaka kupeleka watoto Merrydale alikwenda kwa Randall Stuckey. Na asipokwenda, Randall alimfuata. Kazi iliyomlisha ilikuwa kufunga nyavu za kuzuia mbu kwenye mabwawa ya kuogelea ya watu wenye nafasi. Kazi aliyoipenda, ambayo hakuna aliyemtuma, ilikuwa kulinganisha tiketi.

Alikuwa na daftari la jalada la kijani. Humo mlikuwa na bei ya siku moja, siku mbili, siku tatu, siku nne, pasi ya mwaka ya fedha, pasi ya mwaka ya dhahabu, bei ya wakazi wa Florida na bei ya wageni, ambao Randall aliwahurumia kama watu wanavyowahurumia wagonjwa. Jumapili baada ya ibada, wenzake wakiwa bado wanapapasa mifuko kutafuta funguo za magari, yeye alikuwa amekwisha kumbana mtu mlangoni.

"Mna watoto wangapi?"

"Wawili."

"Na Merrydale mnakwenda mara ngapi kwa mwaka?"

"Aa, mara moja. Tukijaliwa."

"Ndiyo maana mnaliwa, ndugu yangu. Njoo nyumbani nikuoneshe."

Merrydale ni bustani ya michezo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Ocala. Kuna treni za kupindua matumbo, ngome ya plastiki, na mamba mkubwa aliyevaa kizibao ambaye hukumbatia watoto huku ndani yake kuna mwanafunzi wa chuo anayeiva kwa joto. Kwa sheria za hapo, mtoto asiyetimiza miaka mitatu huingia bure. Kuanzia mitatu hadi tisa hulipiwa tiketi ya mtoto. Akitimiza kumi tu, amekuwa mtu mzima, hata kama bado analala na mdoli.

Sasa, Randall hakuwa mwizi. Asingechukua hata msumari wa mtu. Lakini langoni Merrydale mtoto wake wa pili, Tucker, alikaa na miaka miwili kwa muda mrefu kuliko mtoto yeyote katika historia ya Florida. Alikuwa na minne na bado anabebwa kifuani, miguu inaning'inia hadi magotini kwa baba yake, chuchu ya mpira mdomoni.

"Randall mwanangu," alisema mama mkwe wake, Lorraine, "huyu mtoto ataota ndevu akiwa na miaka miwili."

"Mama, kila mtu anafanya hivi."

"Si kila mtu aliyemwoa binti yangu."

Siku moja mlinzi wa lango, kwa utani tu, akamgeukia dada yake Tucker, Delaney, aliyekuwa na miaka minane. "Eti, mdogo wako ana miaka mingapi?" Delaney akamtazama baba yake. Baba yake akakazia macho ngome ya plastiki. "Miwili," Delaney akasema. Mchana kutwa hakupanda mchezo wowote. Alikaa benchini na mama yake, Charlene, na garini wakati wa kurudi akasema, "Baba, mimi sitaki tena kusema uongo pale langoni. Tumbo linaniuma."

Nampa Randall haki yake: maneno yale yalimchoma. Alifunua daftari na akaona jambo ambalo hakuwahi kulitilia maanani. Pasi ya mwaka ina bei moja kwa kila aliyefikisha miaka mitatu. Hakuna anayeulizwa umri, hakuna wa kubebwa. Akamwita binti yake mezani.

"Mwaka huu tunanunua pasi, na uongo umekwisha. Tucker ataingia na miaka yake yote, na wewe ukifikisha kumi utaingia na kumi zako."

"Apa."

Wakafunganisha vidole vidogo, kama watoto wa huko wanavyokula kiapo. Delaney alikivuta kidole cha baba yake kwa nguvu, kama anayejaribu kamba kabla ya kuning'inia.

Alizinunua sikukuu ya uhuru, tarehe nne Julai, amesimama mbele ya jiko la mkaa na simu mkononi, mbavu za nguruwe zikiungua. Pasi ya dhahabu ilifungua lango kila siku ya mwaka. Ya fedha ilikuwa rahisi zaidi, ila ilikuwa na orodha ya siku zilizofungwa. Randall aliisoma orodha akacheka. "Siku za sikukuu! Nani mwenye akili timamu anakwenda sikukuu, kubanana na wageni?" Akachukua ya fedha, mara nne, na akaandika kwenye daftari: *Ziara nane, tumerudisha fedha. Kuanzia ya tisa, bure.* Neno "bure" alilipigia mistari miwili.

Nimeishi na watu hawa miaka mingi, na sijaona neno linalowagharimu kama hilo. Mpango ulikuwa waende mara mbili kila mwezi. Lakini Agosti kulikuwa na joto la kuchoma soli, na Septemba kimbunga kikararua nyavu za nusu ya mji, Randall akawa juu ya ngazi kila Jumamosi. Ziara ya tatu Tucker alitapika kabla hawajafika kwenye treni ya kwanza, wakageuza. Ilihesabiwa. Ziara ya tano waliendesha saa moja na nusu, wakanunua bisi, wakaendesha saa moja na nusu kurudi, kwa sababu Charlene alikuwa na zamu ya jioni kwenye kliniki ya meno. Ilihesabiwa vilevile. Ya sita ilinyesha mvua ya radi, michezo yote ikasimama, wakakaa saa mbili chini ya turubai wakila mikate ya siagi ya karanga iliyolowa. Randall alikuwa peke yake aliyetabasamu, maana yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Delaney hakuomba Merrydale tena. Mwezi wa tano, baba yake alipomuuliza anataka nini siku ya kutimiza miaka kumi, hakusita. Alitaka mtoni kwa bibi. Lorraine aliishi kwenye nyumba ya magurudumu karibu na mto wa chemchemi, maji yake baridi na meupe mpaka unaona vidole vyako vya miguu. Kila mtu hupanda juu ya mpira uliojazwa upepo, mto wenyewe ukamchukua taratibu. Hakuna foleni, hakuna kiingilio. Randall akasema sawa, bila taabu. Siku yenyewe ilikuwa tarehe tatu Julai.

Tarehe mbili asubuhi akafunua daftari, rangi ikamtoka.

"Charlene. Pasi zinakufa kesho."

"Zife. Tutazizika."

"Tumekwenda mara saba! Mara saba, Charlene! Tukiishia hapo, tungenunua tiketi za siku nne kama mabwege wengine, tungekuwa na nafuu."

"Kesho ni siku ya mtoto, Randall."

"Saa moja tu. Tunaingia, tunagusa, tunatoka. Saa saba mchana tuko mtoni."

Charlene akamfungia daftari. "Unajua watu kanisani wanasemaje juu yako?"

"Wanasemaje?"

"Hawasemi chochote. Wanatokea mlango wa nyuma."

Lakini mchuma janga hula na wa kwao. Kesho yake asubuhi wote wanne walikuwa garini. Walipita kwanza kwa Lorraine kuacha keki. Bibi alikuwa tayari amevaa nguo za kuogelea, kofia pana kichwani, sigara mkononi. Akambandika mjukuu wake kifuani beji ya duara ya manjano, kubwa kama kisahani, yenye tarakimu ya moja na ya sifuri.

"Kumi!" akasema. "Sasa una tarakimu mbili kama bibi yako. Wakati wangu nilivaa yangu wiki nzima, mpaka kanisani."

"Nitaivaa mpaka shule ifunguliwe, Bibi."

"Randall, keki ni ya aiskrimu, na friji yangu unaijua, haigandishi kitu. Saa saba."

"Saa saba, Mama."

Kwenye kibanda cha maegesho ya Merrydale kijana akasoma pasi kwa mashine, taa nyekundu ikawaka. Akajaribu tena, nyekundu tena. "Leo haifanyi kazi, bwana. Maegesho dola thelathini."

"Mashine yenu mbovu," akasema Randall, akalipa. "Nitawaambia langoni wanirudishie."

Langoni kulikuwa na watu kama siafu, wengi wamevaa bendera. Pasi zote nne zikaleta nyekundu. Mama mmoja mwenye mvi, jina lake Ofelia limeandikwa kwenye sare, akawaita pembeni kwenye dirisha lake, akatoa kalenda ndogo na kuweka kidole.

"Julai tatu, bwana. Mkesha wa sikukuu. Pasi za fedha zimefungwa."

"Lakini leo ndiyo siku yake ya mwisho!"

"Ndiyo. Ya mwisho, na imefungwa."

Mtu aliyewafundisha waumini mia mbili kusoma maandishi madogo ya tiketi aliisoma kalenda ile mara tatu. Charlene hakucheka, ingawa nisingemlaumu kama angecheka.

"Basi," akasema kwa upole. "Turudi. Saa sita tuko mtoni, kabla hata ya saa tuliyoahidi."

Delaney alikuwa ameshageuka. Alikuwa amemshika Tucker mkono na ameanza kutembea kuelekea gari, karibu anaruka.

"Ngoja," akasema Randall. "Ngojeni kidogo. Tumeshalipa maegesho."

"Randall."

"Dola thelathini, Charlene! Na mafuta. Tumefika mpaka hapa halafu turudi mikono mitupu? Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

Msemo huo uliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi ya kumaliza. Haukuwekwa kwa mtu anayetaka kuzamisha dola mia tano ili kuokoa thelathini. Lakini mwambie nani? Randall alikuwa ameshainama dirishani.

"Tiketi ya siku moja leo ni ngapi?"

"Mtu mzima mia na thelathini na tisa," akasema Ofelia. "Mtoto mia na thelathini na mbili."

"Pasi ikifika mwisho kuna punguzo?"

"Hakuna."

Charlene akamvuta mkono wa shati. "Mama yangu yuko mtoni na keki ya aiskrimu."

"Mwambie aiweke kwenye friji. Kwa bei hii hatutoki mpaka wafunge."

"Mwambie mwenyewe. Simu unayo."

Hakupiga simu. Alitoa kadi ya benki.

"Watu wazima wawili, na mvulana wa miaka mitano," akasema Randall, naye Ofelia akaandika. Kisha akamwangalia Delaney, aliyekuwa amerudi taratibu na kusimama nyuma ya baba yake. "Na huyu binti?"

Kati ya mtu mzima na mtoto palikuwa na dola saba. Randall alilijua jawabu kabla hajaulizwa, maana hesabu za kutoa kichwa chake kilizifanya bila kuombwa ruhusa.

"Tisa," akasema.

Ofelia akanyoosha shingo. Alikuwa mama mzuri, na hakika alitaka tu kumpongeza mtoto, maana alikuwa ameona kitu cha manjano. "Mbona naona kama kuna beji hapo? Leo ni sherehe ya nani?"

Randall akageuka. Charlene akafumba macho. Kwa nukta mbili hivi mtu yeyote pale angeweza kusema neno, na mtu wa kwanza alipaswa kuwa baba. Mdomo wake ulifunguka kweli, nitashuhudia hilo, lakini haukutoa kitu.

Delaney alikuwa ameshaibandua. Ilikuwa ndani ya ngumi yake.

"Ya rafiki yangu," akasema, kwa sauti laini, akimtazama Ofelia usoni bila kupepesa. "Mimi nina tisa."

Akausema uongo ule vizuri kabisa. Hata Randall mwenyewe, miaka yote ile na Tucker kifuani, hakuwahi kuusema vizuri hivyo. Ofelia akatabasamu, akachapa tiketi nne, akawatakia siku njema.

Wakapita. Mamba wa kizibao akawapungia mkono. Tucker akakimbia kumkumbatia na Charlene akamfuata haraka, bila kumtazama mumewe. Randall alibaki ameshika tiketi, akitafuta la kumwambia binti yake. La maana aliloliona lilikuwa kwamba wakiingia kwenye treni kubwa kabla ya saa nne foleni ingekuwa fupi, na akalisema.

Delaney akaitikia kwa kichwa. Kisha akakishika kiganja cha baba yake, akakifungua, akaweka beji ndani, na akavifunga vidole vyake kimoja kimoja, mpaka kile kidogo.

"Nitunzie, Baba," akasema. "Utanipa mwakani."